Benchi la Tatu

Ufunguo huu ni mrefu kuliko kiganja changu.
Kitasa hakiutii mpaka ukibembeleze:
inua mlango kidogo, sukuma kwa bega, ndipo uzungushe.
Wageni wakiniona nimeinama hivyo
huteremsha sauti, wakidhani nasali.
Nagombana na chuma tu, jamani. Karibuni.

Mmetoka mbali. Lami iliwaachia Chanika,
mkala mchanga, mkamuuliza muuza mihogo,
naye akasema, "Fuateni mikorosho hadi paa jekundu."
Wekundu ule ulikuwa rangi. Sasa ni kutu,
lakini hatujalibadilishia jina.

Kuta ni mawe ya matumbawe, yalibebwa vichwani toka pwani.
Chokaa aliichoma Mzee Pazi Mwinshehe,
aliyeswali Ijumaa, Jumamosi akawasha tanuri,
na Jumapili akaketi nje, kivulini mwa ukuta wake,
asikilize kama utaanguka tukianza kuimba.
Haukuanguka.
Mjukuu wake, Kondo, ndiye hutupandia mnarani
kamba ya kengele ikikatika.
Hataki ujira. Siku ya Idi nampelekea jogoo,
naye hunirudishia sahani ikiwa na biriani,
maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Kitabu cha wageni kipo hapo, kando ya kisima cha ubatizo.
Andikeni jina, mtokako, na maoni.
Wanafunzi wa ujenzi walipima madirisha kutwa nzima,
wakaandika: "Hakuna pembe mbili zinazolingana."
Bwana mmoja wa Ulaya alikuja kutafuta kaburi.
Nikampa fyekeo, tukafyeka wote hadi saa saba.
Jina tulilikuta limekosewa herufi.
Akalipapasa, akasema
ndivyo hasa bibi yake alivyokuwa akilitamka.
Na kuna binti hakuandika jina wala mtaa.
Kwenye maoni aliandika: "Nimepumzika."

Kisha, kila baada ya miaka, kwa mwandiko mwingine:
"Benchi la tatu linayumba."
Mwaka sabini na nne, wino wa bluu.
Mwaka tisini, penseli.
Juzi, mtoto wa kipaimara, herufi kubwa, alama tatu za mshangao.

Najua.
Ni mguu wa nyuma, upande wa wanawake.
Fundi Wenseslaus alinichongea kabari ya mninga,
safi, imepigwa msasa.
Imo kwenye droo ya sakristia mwaka wa kumi na moja.
Baba Paroko akiuliza, nasema bado naitafuta.
Dhambi hiyo sijaiungama.

Mama yangu, Apolonia, alikaa hapo.
Misa ilikuwa bado Kilatini, ndefu, nami mapajani.
Neno hata moja hakulijua,
ila alijua kuegemea:
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
benchi likagonga sakafu, ko, ko,
nami nalala kabla ya mahubiri.

Njooni Jumapili mkipata nafasi.
Mashamba yamekatwa viwanja, kuna vigingi vya zege hadi makaburini,
na watu wapya wanajaa hadi nje, viti vya plastiki, turubai, spika inayokoroma.
Wametoka Songea, Rombo, Muleba,
kila mmoja anaivuta "Amina" kwa urefu wa kwao,
haziishi pamoja hata siku moja.
Wazee wetu walinung'unika mwanzoni.
Siku hizi wanasubiri ya mwisho itue.

Atakuja mama mgeni mwenye kichanga kinacholia,
atasimama hapa mlangoni akiona aibu kuingia.
Nitampokea kapu, nitamshika kiwiko,
nitampeleka la tatu.
Wala sitamweleza.

Nitarudi kwenye kizingiti changu,
na katikati ya Nasadiki,
chini ya sauti zote zile,
nitasikia, ko.

Kimya kidogo.

Ko.